Kidole Kimoja Chini ya Alama

Mwanzo wa foleni hii siukumbuki vizuri. Ninakumbuka lango la rangi, muziki, harufu ya sukari inayoungua, na watu waliosimama wakitazama upande mmoja. Nikasimama nyuma yao nikiwa nimemshika mwanangu mkono, kwa sababu mtu akiwakuta wenzake wamesimama wanatazama upande mmoja, naye husimama. Sikuuliza. Nilikuwa mwanamke kijana, nina mtoto mmoja tu, na nilidhani kungoja ni kitu kinachoisha.

Tunachokingoja tunakiona. Kiko juu ya vichwa vyetu mchana kutwa: Pembea Kubwa, duara la chuma lenye viti vinavyoning'inia, likizunguka polepole kama mtu anayefikiri. Husemwa kwamba ukifika juu kabisa unaiona foleni yote, ulipoanzia na unapoishia, na unajua kwa nini ulisimama. Wanaoteremka hutokea lango jingine, kwa hiyo hatujampata wa kumuuliza. Mwenye Pembea hatumjui. Kuna kipaza sauti kimefungwa juu ya nguzo ya umeme. Kikisema sogea, tunasogea. Humu watu wamechumbiana, wameoana, wamezaa na wamezikana, na maiti hutolewa kwa pembeni ili mstari usikatike.

Sitaki kusema kwamba maisha ya foleni ni mabaya. Nimeona wema mwingi hapa kuliko nilioukuta nje. Nimemwona mwanamume mpana akisimama kiupande siku nzima ili mgongo wake uwe kivuli cha kichanga kisicho chake. Nimeona koni moja ya karanga ikipita mikono ishirini na kumrudia mwenyewe ikiwa na karanga bado. Bi Mkasi, anayesimama nyuma yangu, ana ulimi wa wembe, lakini jua likipinda yeye ndiye huhamia upande wa jua bila kusema kitu. Nilipomshukuru mara moja aliniambia nisijione, anahama kwa sababu harufu ya dawa yangu ya magoti inamkera.

Na tuna desturi yetu, ambayo hakuna aliyetufundisha. Mtu akipata haja ya kutoka, huvua kiatu akakiacha chini mahali alipokuwa amesimama. Aliye nyuma yake hukisukuma kwa ncha ya mguu kila mstari unaposogea. Kiatu kikiwa chini, nafasi ni yako. Uwe umekwenda chooni, uwe umekwenda kuzika. Nimesukuma viatu vya watu wengi, vingine kwa miezi, vingine nikivipangusa vumbi ili mwenyewe akirudi asidhani alisahauliwa. Bi Mkasi husema, "Bi Mashavu, wewe utafia humu, nami nitalisukuma kaburi lako kwa mguu mpaka mbele." Nami humjibu alisukume taratibu, nina usingizi mwepesi.

Hayo ni ya mapenzi. Sasa niseme ya chuki, kwa kuwa chuki ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo.

*

Mbele kabisa, kabla ya kamba inayozuia watu, ipo nguzo ya kupimia. Imezamishwa ndani ya jiwe, haitikisiki. Ina alama mbili nyekundu. Mtoto asiyefika alama ya chini haruhusiwi kupanda, asije akachomoka kitini. Anayepita alama ya juu haruhusiwi pia, kwani huyo si mtoto tena, na mtu mzima hupanda kwa kumsindikiza mtoto tu. Kati ya alama mbili ndipo penye ruhusa. Nimefikiri sana juu ya sehemu ile iliyo kati. Ni fupi mno. Mtu huipita usingizini.

Mlinda kamba alikuwa Bwana Vuai. Siku ya kwanza tuliyofika kwake alikuwa kijana mrefu, amenyooka, ana kofia ya kazi na makubadhi mapya ya ngozi. Alikuwa na fagio la chelewa, na kabla hajampima mtoto alipafagia mahali pa kusimama chini ya nguzo, akapafagia vizuri, mara tatu, ili mtoto asikanyage uchafu kwa miguu mitupu. Niliuona wema huo. Nikamwambia mwanangu, Mize, tazama mjomba anavyokusafishia. Nilikuwa nimemsuka Mize nywele zikasimama juu, fundo moja kubwa, kwa hila ya kumwongezea kimo, na nilimvalisha viatu vyekundu vya kifungo. Alikuwa na miaka sita. Jino la mbele lilikuwa limetoka.

Bwana Vuai akamwambia avue viatu. Akaweka kiganja juu ya lile fundo la nywele akalibonyeza mpaka likalala. Mize akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Akamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Teremsha visigino, mwanangu." Akasogeza uso wake kwenye alama, akafumba jicho moja kama fundi.

"Amepungua. Kidole kimoja."

Nikasema, kimoja tu?

"Kimoja ni kimoja, mama."

Akanipa maji katika chupa yake mwenyewe. Akamfuta mtoto kamasi kwa leso safi. Wema wote huo aliufanya, nami niliuona na mpaka leo nauona, na ndio unaonichoma zaidi. Angekuwa katili ningemsahau. Kisha akatuonyesha njia ya kurudi mwisho wa foleni.

Nikafanya lile tulilolizoea. Nikaacha kiatu kimoja chekundu chini, mbele ya kamba, kutushikia nafasi. Mtoto huongezeka kidole kwa miezi michache, nilijua tungerudi upesi. Bwana Vuai akakiokota. Akakipiga vumbi kwa kiganja, akakitundika kwenye msumari wa ukuta, palipokuwa na viatu vingine vidogo vimening'inia kama samaki wa kukausha. Alisema hapo hakitapotea. Alidhani ananitendea jema! Lakini kiatu kilicho hewani hakishiki nafasi ya mtu. Aliyekuwa nyuma yetu akasogea mbele.

*

Foleni kwa mara ya pili. Siisimulii. Mvua. Jua. Mvua. Nilikuwa nikiangalia utosi wa Mize, na utosi ulikuwa ukipanda, kifuani, begani, sikioni. Nilimwomba asikue. Mama gani humwomba mtoto asikue. Nilimpunguzia chakula wiki moja, kisha nikalia nikampa changu.

Tulipofika, Bwana Vuai alifagia mara tatu, akabonyeza nywele, akasema, amezidi vidole vinne. Mize alicheka. Alikuwa na kifua cha msichana tayari. Akaniambia, mama, tulikuwa tunangojea nini vile? Tukarudi tena nyuma, akakua, akaolewa humuhumu, na mwanamume aliyekuwa watu tisa mbele yetu, akazaa mtoto wa kike, na homa ya uzazi ikamchukua siku ya tatu. Kabla ya kufa aliuliza kama Pembea bado inazunguka. Nikasema inazunguka. Akataka kujua inaonekanaje kutoka juu.

Mtoto nikamwita Mize. Watu walinionya kwamba jina la marehemu litanichanganya, na wameona kweli. Zipo asubuhi simjui niliyemshika mkono ni yupi kati yao. Namsuka nywele zikasimama juu, vidole vyangu vinakumbuka kichwa kingine. Jino la mbele limetoka. Ana miaka sita. Pengine ni mtoto yuleyule na aliyekufa ni mimi. Pengine siku haijasogea hata kidogo, wanaosogea ni watu.

Lakini chuki haichanganyiki. Hiyo nimeilea mwenyewe. Nimeiogesha, nimeifunika upepo ukivuma, nimeipa chakula kabla sijala. Katika pindo la kanga yangu nimefunga kiatu kimoja chekundu, pacha wa kile cha ukutani. Mpango wangu ulikuwa mdogo, wa mwanamke asiyesoma sana: nifike mbele, nifungue pindo, nimpige Bwana Vuai usoni kwa kiatu hicho mbele ya watu wote, halafu wanifanye watakavyo. Nililala na mpango huo miaka yote kama mwingine anavyolala na dua. Niliwabembeleza watoto wa watu kwa mkono huu, nikikumbuka ni mkono wa kupigia.

*

Siku tuliyofika mbele, jua lilikuwa la saa nne. Mbele yangu hapakuwa na mgongo wa mtu. Nilikuwa sijazoea kutokuona mgongo. Nilihisi kama nitaanguka.

Bwana Vuai alikuwa mzee. Ila hakuzeeka kama tunavyozeeka sisi. Alikuwa amepungua. Kila alipoinama kumpima mtoto, mgongo wake ulisahau kidogo njia ya kurudi juu, ukasahau tena kesho yake, mpaka sasa alikuwa na kimo cha mtoto, kofia imemshuka masikioni. Makubadhi ni yaleyale, yamelika yakawa bapa kama andazi lililokanyagwa. Alikuwa anafagia. Mara tatu. Alimtazama Mize mdogo, akamwita kwa mkono aje asimame.

Mize akanitazama kwanza. Hadithi ya kidole aliijua kuliko jina lake. Alfajiri nilikuwa nimempima kwa uzi niliompimia mama yake siku aliyopungua, nikaufunga fundo penye kimo chake. Walikuwa sawasawa. Hakuzidi hata unywele. Nilijua basi atakaloambiwa, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kulitafuta pindo la kanga.

Ndipo kipaza sauti kikakoroma. Hatukuwahi kukisikia kikisema zaidi ya neno moja. Kilisema kwamba zamu ya mlinda kamba imekwisha, apande, na aliye mbele ampime.

Bwana Vuai alisimama na fagio lake kama mtu aliyeitwa jina na mama yake. Kisha akatabasamu, meno matatu. Watu wa nyuma wakaulizana kimesema nini, maneno yakapita kutoka mdomo kwa mdomo mpaka mbali nisikoona. Aliniambia, kwa haya, kwamba hajawahi kupanda. Miaka yote ameisikia Pembea kwa nyuma tu, hakuwahi hata kuigeukia vizuri, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutazama nguzo. Akanikabidhi fagio.

"Nipime, bi mkubwa."

Nilimwuliza kama ananijua. Akaniangalia sana, kwa adabu, akiwa anatafuta. Akasema amepima watoto wengi, na mama zao hakupata kuwatazama, yeye alitazama alama. Nikamwuliza alama yenyewe aliiweka nani. Swali hilo nililibeba muda mrefu kuliko kile kiatu.

"Niliikuta," akasema.

Niliikuta. Basi ndilo hilo. Aliyemkabidhi kazi aliikuta, na kipaza sauti pengine kilikuta maneno yake yamekwisha kusemwa. Mimi nami niliikuta foleni nikasimama. Kwa neno hilo mtu anaweza kumlaza mtoto njaa na kesho akaamka na uso mkavu. Ningeweza kumhurumia hapo. Niliitazama huruma ilipokuja, nikaiambia isimame nyuma kama wengine.

Nikaachia pindo la kanga. Kiatu kilikuwa kidogo mno kwa kazi hii. Nilikuwa nimepewa kitu kikubwa zaidi.

"Vua viatu," nikamwambia.

Akavua makubadhi akayaweka pamoja vizuri kando. Akasimama chini ya nguzo, mgongo wake umeigusa, miguu sambamba.

"Vua kofia."

Akavua. Nikaweka kiganja juu ya kichwa chake, kikakaa kidole kimoja chini ya alama. Kilikuwa na upara, cha moto, laini, kama cha mtoto wa siku saba. Mkono wangu ulitaka kukipapasa, maana ndiyo tabia yake. Nikaukaza.

"Teremsha visigino."

Akasema vimekwisha kuteremka. Na mimi, ili nisimwache na hila hata moja, ili nihakikishe kabisa, niliinama nikatazama chini.

Nikaona.

Mahali pale palikuwa na shimo. Shimo si neno zuri; palikuwa na nyayo mbili zilizochimbika ardhini, sambamba, moja ya kulia na moja ya kushoto, zimelainishwa kama kinu. Nguzo imezamishwa ndani ya jiwe, haishuki. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Kila alfajiri, na kabla ya kila mtoto, mara tatu, fagio la chelewa lilichukua vumbi kidogo, kwa wema, ili miguu ya watoto isichafuke. Kila mtoto alisimama chini kidogo kuliko mwenzake wa jana. Nikalaza kidole changu ndani ya unyayo, kando ya kisigino chake. Kikaenea. Kidole kimoja, sawasawa na usawa wa ardhi.

Siku ya Mize wangu palikuwa hivyohivyo, au karibu yake, kwa kuwa waliomtangulia Bwana Vuai nao walifagia. Nani atanipimia sasa. Mtoto wangu alikuwa amefika. Alisimama pale, amefika, nywele zimebonyezwa, na mtu mpole aliyefumba jicho moja alikuwa akitazama alama. Hakuwahi kutazama chini. Miaka yote hiyo hakuinamisha macho mara moja, hata alipokuwa anafagia.

Nilikaa nimeinama kwa muda. Watu walidhani mgongo umenikamata. Bi Mkasi akauliza kama aniletee mtu wa kuninyanyua au wa kunisukuma.

Nilikuwa na neno mdomoni. Ningelisema, Bwana Vuai angepanda, kwa kuwa naye alikuwa amefika. Alinitazama kwa macho ya mtu anayetaka kitu kimoja tu duniani. Mize alikuwa amenishika kanga kwa nyuma. Huyu au yule. Nikalimeza neno.

Nikainuka.

"Umepungua," nikasema. "Kidole kimoja."

"Kimoja tu?"

"Kimoja ni kimoja."

Hakubisha. Yeye alikuwa mtu wa alama, na alama haikubishiwa naye hata mara moja. Nikamwonyesha kwa mkono njia ya kurudi mwisho wa foleni. Akaitazama ile foleni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliitazama kwa urefu wake, watu nyuma ya watu mpaka macho yanapokosa nguvu. Kisha akarudi hatua moja, akayasogeza makubadhi yake kwa mguu mpaka mbele ya kamba.

"Nitunzie nafasi, bi mkubwa," akaninong'oneza. "Nimesikia nyinyi mna desturi hiyo."

Bi Mkasi alicheka kicheko kilichokwenda mbali. Akaniambia msumari upo ukutani, niyatundike hewani yaangalie nchi. Wengine nao wakacheka, na wako waliokuwa na kiatu cha mtoto wao katika ukuta ule, wakasema yatundikwe, yatundikwe. Bwana Vuai alisimama katikati ya vicheko hivyo peku, kofia mkononi, akingoja jibu langu tu.

Nikamwambia nitayatunza. Nikampa chupa yangu ya maji, kwa kuwa njia ni ndefu. Akanishukuru. Akaanza kwenda.

Nilimwacha aende kwanza. Lazima nilieleze hili ili msinisifu bure. Ningeweza kufanya nililolifanya mbele ya macho yake, akaona, akapimwa tena. Nilihesabu hatua zake. Nilingoja mpaka akapita mtu wa mia moja, mgongo wake mdogo umezama kati ya migongo. Kungoja najua.

Ndipo nikainama tena nikayachukua makubadhi. Sikuyatundika. Kiatu cha mtu kikiwekwa chini hakinyanyuliwi na mwenzake. Mimi sijafikia huko. Niliyalaza ndani ya zile nyayo mbili, la kulia kulia, la kushoto kushoto. Yalienea kana kwamba ardhi ilichongwa kwa ajili yake. Yamelika, bapa, unene wa kidole. Nikapitisha kiganja juu: ardhi ikawa moja.

Nikamwambia Mize avue viatu asimame hapo.

Akauliza kama akanyage viatu vya yule babu. Nikamwambia akanyage, babu ameviacha vishike nafasi, na nafasi yake ni hapo hapo alipoviacha, chini ya kisigino cha kila mtoto atakayepita, mpaka atakapovifuata mwenyewe kwa miguu yake. Mize akapanda. Sikumbonyeza nywele. Alama ilikuwa inamgusa utosini, chini ya fundo, kama kidole cha mtu anayebariki.

Bi Mkasi, ambaye sijawahi kumwona akilia, alianza kufokea watu wasisukumane, hali hakuna aliyekuwa akisukuma.

Nikainua kamba. Nilitakiwa kupanda naye, lakini fagio lilikuwa mkononi mwangu, na mtoto mwingine alikuwa amekwisha kuvua viatu. Nikamwomba Bi Mkasi amsindikize. Akasema kwa kuwa nimemlazimisha. Wakaingia kitini. Kiti kikaondoka ardhini, kikapanda, Mize akageuka kunitafuta, na uso wake ulikuwa wa mama yake, bila hata tofauti moja niliyoweza kuiona.

Nikatazama kule foleni inakotoka. Mbali sana, mtu mdogo alikuwa amesimama nje ya mstari na kuitazama Pembea, kiganja juu ya macho. Alikuwa ameona mtoto wa kimo chake akipanda. Nikajua ananitafuta, anataka kuelewa. Fagio nikalibwaga. Nikanyoosha mkono juu kadiri bega langu linavyoweza, nikamwonyesha kidole kimoja.

Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha, polepole, akainamisha kichwa, akatazama miguu yake.

Nikamwita aliyefuata.